Fomu ya Mistari Saba

Siku niliyoamka bila tumbo nilikuta nimeshapangiwa ghorofa. Hakuna aliyeniuliza. Kisu kilikuwa kimemaliza kazi yake, kidonda kimeshonwa kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, na kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto walikuwa wamefunga utepe wa kitambaa ulioandikwa GHOROFA YA PILI. Niligeuza utepe nitafute jina langu upande wa ndani. Halikuwapo. Nikakumbuka kwamba kabla ya kisu niliitwa Siwema, na sasa naitwa ghorofa, na katikati ya hao wawili kuna mtu aliyelala mezani saa nne nzima, tumbo wazi, ambaye hakuna anayejua alikuwa nani. Huyo ndiye ningependa kumuuliza. Huyo aliona walichokitoa.

Nyumba ile huhesabiwa kutoka juu. Ghorofa ya Kwanza iko chini ya paa, karibu na jua, na ya Nne imezama nusu ardhini, madirisha yake yakitazama miguu ya wapita njia. Nyumba zote nilizozijua maishani mwangu zilihesabiwa kutoka chini, kwa kufuata jinsi zilivyojengwa. Nikajiuliza ni nani aliyeanza kuhesabu hii kutoka juu, na alikuwa akitazama nini wakati anahesabu. Mtu anayehesabu kutoka juu anatazama kinachoshushwa.

Kwenye chumba chetu kulikuwa na viti kumi vilivyopigiliwa misumari sakafuni. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyeusi: KATI YA KUMI, WATANO WATAFIKA. Kando ya maandishi ilining'inia saa yenye mshale mmoja na alama tano tu, kila alama ikiwa mwaka. Kufika maana yake ni kuufikia mwaka wa tano. Baada ya hapo Nyumba haina habari nawe. Jua halikuzama mle ndani, mchana ulikuwa mmoja mrefu, na mshale ulisogea pale tu usipoutazama.

Watano watafika. Sawa. Watano gani?

Hilo Nyumba haikulijua, wala haikuona haya kutolijua. Ilitujua sisi sote kumi kwa pamoja, haikumjua hata mmoja wetu. Kwa hiyo tukawa tunachunguzana. Mtu akikohoa, macho ya watu tisa yanamgeukia. Mtu akiacha uji wake, wengine wanamaliza wao kwa haraka, kana kwamba kijiko cha mwisho ni tiketi. Nilijikuta namtazama mzee wa kiti cha saba, namna shingo yake ilivyokonda, na ndani yangu sauti ndogo ikasema: mmoja huyo, bado wanne. Niliiogopa sauti ile kuliko ugonjwa, kwa sababu ugonjwa walisema wameutoa.

"Unanitazama sana, mwanangu," aliniambia jirani yangu wa kushoto. "Unanipimia sanda?"

Huyo alikuwa Bi Mwatumu, mwanamke wa makamo, mnene wa sauti ingawa mwili ulikuwa umeshamwacha. Miaka thelathini alipika pilau za harusi, masufuria ya watu mia nne, na sasa yeye mwenyewe alikula vijiko sita, akapumzika, akala vingine sita baada ya saa mbili, kama sisi sote tuliotolewa tumbo. Magotini alikuwa na ungo wa mchele, akiuchambua. Mchele huo hakuna aliyemwomba auchambue.

"Hapana, Bi Mwatumu."

"Usinifiche bwana. Mimi mwenyewe juzi nilikuona umepauka baada ya chai, jasho linakutoka, nikapumua. Nikasema afadhali yeye. Mungu anisamehe." Akacheka akishika mshono wake kwa viganja viwili. "Ukuta huu umetufanya wachawi."

Nilimpenda tangu hapo.

*

Kisha kikaja Kitabu Kipya.

Mtunza Kitabu alikuwa mtu msafi sana, kola yake imekakamaa, na sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti hata alipokuwa amesimama hatua mbili mbele yetu. Akasoma: wataalamu wa Nyumba wamekaa, wametafakari, wameboresha. Mtu ambaye katika tezi zake zilikutwa tatu zenye ugonjwa, zamani alikaa Ghorofa ya Pili. Sasa atakaa ya Tatu. Tezi, kwa asiyejua, ni vile vidonge vidogo vilivyojificha ndani ya mafuta yanayolizunguka tumbo. Humo ndimo ugonjwa hupita ukitaka kusafiri. Wakikata tumbo, wanakata na mafuta yake, kisha mtu fulani huzitafuta tezi, huzihesabu, na kwa hesabu hiyo wewe unapewa ghorofa.

Bi Mwatumu alikuwa na tatu.

"Haya," akasema, akiinuka taratibu. "Nimelala wa Pili nimeamka wa Tatu, na sijageuka hata ubavu."

Mtunza Kitabu hakumsikia. Alikuwa anamwelekeza mchoraji, ambaye alifuta WATANO akaandika SITA. Kutoka chini tulisikia makofi: kwenye Ghorofa ya Tatu nako walikuwa wamefuta WAWILI wakaandika WATATU.

"Hongereni!" kikasema kipaza sauti. "Kwa siku moja tu, Ghorofa ya Pili inaishi zaidi, na Ghorofa ya Tatu inaishi zaidi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani.

"Mheshimiwa," nikasema, "nani kaongezewa siku?"

"Ghorofa zote mbili."

"Ghorofa hazifi, Mheshimiwa. Nauliza nani kaongezewa siku."

Akanitazama kama mtu anayetazama doa kwenye kola. "Takwimu ziko wazi," akasema, akaondoka.

Nililala na jambo hilo kichwani, kama kulala ni jina la kufumba macho katika mchana usiokwisha. Wamemchukua aliyekuwa dhaifu kuliko sisi wa Pili, wamempeleka kwa wa Tatu, ambao kwao yeye ni mwenye nguvu. Huku tumependeza kwa kumpoteza, kule wamependeza kwa kumpata. Watu wote ni walewale, vidonda ni vilevile, na kifo cha kila mmoja kimekaa palepale kilipokuwa jana kinasubiri. Kilichohama ni kiti tu. Hata hivyo makofi yalikuwa ya kweli, viganja vya kweli, na mzee wa kiti cha saba alilia kwa furaha. Je, furaha inayotokana na hesabu ya namna hiyo ni uongo? Na kama ni uongo, ni nani aliyeudanganya mwili wake hata ukasisimka?

Kabla ya kushuka, Bi Mwatumu aliniachia ungo.

"Malizia huo mchele, uniletee."

"Umesikitika?"

"Nisikitike nini? We Siwema, una masikio ya kusikilizia nini? Wa Tatu wanatundikiwa dawa ya mishipa. Inakutapisha, inakunyonyoa nywele, lakini inawafuata hao mawakala wa ugonjwa waliobaki mwilini. Nyie wa Pili hampewi. Mnaambiwa nyie wazima." Akainama sikioni mwangu. "Na mlango wa dawa unafungwa wiki ya nane tangu kisu. Ukishafungwa, haufunguliwi kwa mtu. Wewe umebakiza siku ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole. "Nne."

"Basi uombe Mungu wawe wamekuhesabu vizuri," akasema, akashika njia ya ngazi.

*

Mchele ndio ulionitoa usingizini.

Nilichota konzi moja nikaimwaga upande safi wa ungo. Mawe mawili. Nikayatoa. Mkono ukanisimama hewani. Mpishi yeyote, hata binti anayejifunza leo, akikuta mawe mawili kwenye konzi moja, hasemi ungo mzima una mawe mawili. Anasema: uwii, mchele huu una mawe! Angekuwa amechambua ungo mzima akakuta mawili, hapo sawa, mchele ni msafi. Mawili ni mawili, lakini mawili ya konzi si mawili ya ungo.

Nikatoa cheti changu chini ya mto. *Tezi zilizochunguzwa: saba. Zenye ugonjwa: mbili. Ghorofa ya Pili.*

Saba.

Kwa nini saba?

"Samahani, mzee," nikamwambia wa kiti cha saba. "Kwako walichunguza tezi ngapi?"

Akasoma cheti chake kwa mbali, mkono umenyooka. "Saba."

"Na wewe, kaka?"

"Saba."

"Saba." "Saba, kwani vipi?" "Mimi pia saba, dada." Mmoja mmoja, viti vyote vinane, wanene na wembamba, aliyekatwa nusu ya tumbo na aliyekatwa lote. Miili yetu haikufanana hata viatu, lakini ndani yetu sote Nyumba ilikuta saba. Uongo wa mtu mmoja unaweza kujificha. Uongo wa watu wote hujipanga mstari, sare, na hapo ndipo unapouona.

"Acha kuchokonoa," mzee akaniambia kwa upole. "Wameshatuandikia sita."

Nilishuka ngazi kumtafuta anayehesabu, mchele nimeufunga pindoni mwa kanga, huku nimeshika mshono. Katikati ya ngazi nilipitwa na mwanamke aliyekuwa anashuka haraka kuliko mimi. Alikuwa na mwendo wangu, bega la kushoto limeinama kama langu, na kwapani amebana ungo. Kwenye kifundo chake nilisoma TATU. Nikamwita. Hakugeuka. Nikasimama kidogo nikiwa na hakika kwamba nimejiona kwa nyuma, jambo ambalo mwanadamu hakuumbiwa.

*

Chumba cha Hesabu kilinuka dawa ya kuhifadhia nyama, ile inayotoa machozi. Rafu hadi darini, ndoo nyeupe kwenye kila rafu, na meza moja. Nyuma ya meza alikaa mzee mfupi mwenye aproni ya mpira, vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo miaka yote bila kupumzika.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada. Umepotea? Huku hawaji wenye ndoo. Huku zinakuja ndoo."

"Wewe ndiye unayehesabu?"

"Ndimbo ndiye mimi. Mwaka wa ishirini na mbili huu." Akainua mikono yake. "Jicho halizioni, zimejaa mafuta, rangi moja. Ni vidole. Nakanda mafuta pole pole, mpaka kidole kinasikia kitu kama punje ya njegere. Naitoa, naikata, natazama kwenye kioo cha kukuzia, naandika."

"Na unaacha lini?"

Hakuelewa swali. Akafungua mtoto wa meza akanipa karatasi. Ilikuwa fomu, na katikati yake mistari ya kuandikia. Nikaihesabu. Kisha nikaihesabu tena.

"Mistari saba," nikasema.

"Saba."

"Mzee Ndimbo, ndiyo maana unahesabu saba?"

"Sasa ya nane ningeiandika wapi, dada?" Aliuliza kwa dhati, bila hila yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuja nikitafuta mwovu, nikamkuta mtu nadhifu. "Alikuwapo mwenzangu hapa, aliandika pembeni, nje ya mistari. Fomu zake zilirudishwa. Zikarudishwa tena. Akahamishwa. Mimi sijawahi kurudishiwa fomu hata moja."

"Kitabu Kipya kinasemaje?"

"Zisipungue kumi na sita." Alijibu upesi, kama mwanafunzi. "Kitabu kimebadilika. Fomu bado haijaja."

Nikainua macho kwenye rafu: ndoo zimejipanga, kila moja na mtu wake.

"Ya kwangu iko wapi?"

"Utaniponza."

"Umesema vidole vyako vinajua."

"Vinajua."

"Basi siku ile, ulipoandika ya saba yangu ukaweka kalamu chini, vidole vilikuwa vimeshasikia nini?"

Akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima kwa mtu mwingine.

"Ya nane," akasema.

"Ikoje?"

"Ngumu."

Nyama safi ni laini, hilo sikuhitaji kufundishwa. Nilichukua rula mezani kwake, nikageuza fomu upande mtupu, nikapiga mistari. Mistari ikaenda upogo. Nilipiga mpaka karatasi ikaisha. Ndimbo alinitazama, kisha akainuka akashusha ndoo kutoka rafu ya tatu, akanipa glavu.

"Kama ni kuvunja, tuvunje wawili," akasema.

Sijui nimweleze vipi ambaye hajawahi kuingiza mkono ndani ya tumbo lake akiwa amesimama. Lilikuwa dogo. Lilikuwa na rangi ya ukuta wa zamani. Humu, nikafikiri, ndimo ulimokaa ugali wa mama yangu, humu ndimo hofu ya mitihani ilimokuwa ikijikunja, humu nilisikia mapenzi kabla kichwa hakijapata habari. Waliniambia mtu hukaa moyoni. Uongo mwingine. Na sasa lile lililonibeba linachambuliwa kama mboga, na mimi ndiye ninayelichambua. Ni nani basi aliye mtu, niliyesimama au niliyemo ndooni? Na kama Nyumba inamjua wa ndooni peke yake, kwa nini ghorofa napewa mimi?

"Hapo," akasema Ndimbo, akikibonyeza kidole changu. "Umesikia?"

Nilisikia. Njegere.

Tulitoa kumi na mbili nyingine. Jumla kumi na tisa. Alizikata, akaziweka kwenye dawa, akaniambia kioo kinataka siku mbili. Nikalala kwenye benchi la mlangoni kwake, sikutaka kurudi kwenye ukuta ule. Siku ya tatu tangu Bi Mwatumu ashuke, akatoka na karatasi. Alikuwa amejaza mistari yangu ya upogo kwa mwandiko wake mzuri.

"Kumi na tisa. Zenye ugonjwa nane." Akashusha sauti. "Ni Tatu, dada. Tena Tatu ya katikati. Nisamehe."

"Zimeisha zote?"

"Zilizotoka zimeisha, kwa vidole hivi." Akanitazama kwa mara ya kwanza machoni. "Zilizobaki ndani yako, sina ndoo yake."

*

Nilienda kwa Mtunza Kitabu nimejiandaa kwa vita. Ilikuwa siku ya mwisho ya dawa. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyanoa, nimeyaweka kwa zamu: nikikataliwa nitasema hivi, nikifukuzwa nitasema vile.

Alisoma karatasi. Akaisoma tena. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilinifanya nitafute mlango kwa jicho.

"Vizuri sana," akasema. Bila kipaza sauti alikuwa na kasauti kembamba. "Wewe ndiye uliyekuwa unaishusha Pili. Ukitoka, Pili inapanda. Na kule chini, wengi ni wabovu kuliko wewe, kwa hiyo Tatu nayo inapanda. Dada, umetufanyia hisani. Utasema maneno mawili kwenye sherehe?"

Nilikuwa nimekuja kuivunja Nyumba kwa ukweli, na Nyumba ilikuwa imeupokea kwa mikono miwili, imeutia mdomoni, imeumeza. Ukweli wangu ulikuwa chakula chake kama uongo ulivyokuwa. Nilitamani kurudi juu nikae kwenye kiti changu nibaki Pili, ili tu nisiwape ile raha. Lakini mlango wa dawa hausubiri hasira ya mtu.

"Sitasema neno," nikamwambia. "Nipe hati ya dawa. Na wenzangu wanane wana saba kama mimi. Wao?"

"Fomu mpya imeagizwa."

"Itafika lini?"

"Imeagizwa," akarudia, akagonga muhuri kwenye hati, akanifunga utepe mpya.

Nilipita chumbani kwetu kuchukua ungo. Niliwaambia wote, nikiwa nimesimama chini ya SITA: nendeni kwa Ndimbo, mbebe rula. Wawili waliinuka papo hapo. Wengine waliangalia miguu yao. Mzee wa kiti cha saba alikunja cheti chake mara nne akakitia mfukoni.

"Niachie saba yangu, binti," akasema. "Wewe nenda."

Sikumlaumu. Bado simlaumu. Nimejaribu.

Nikashuka ngazi kwa haraka, ungo kwapani. Katikati nilimpita mwanamke aliyekuwa anashuka polepole ameshika mshono, ananikazia macho. Akaniita. Sikugeuka. Ningemwambia nini? Kila alichokuwa anakwenda kukijua alikuwa ameshakisikia vidoleni.

*

Ghorofa ya Tatu, viti kumi, WATATU WATAFIKA. Mshale wa saa yao unaonekana ukitembea hata ukiutazama. Nilitundikiwa chupa saa ya mwisho ya siku ya mwisho, na muuguzi alipotoa mkono mlangoni nikasikia komeo linaingia.

"Umechelewa, nusura useme na mlango," alisema Bi Mwatumu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto. Alitazama kifundo changu, akatazama chupa, asiulize. "Mchele wangu?"

"Nimemaliza. Nimeuchambua wote, punje kwa punje. Siku mbili pale mlangoni kwa Ndimbo sikuwa na kazi nyingine."

Aliupika mwenyewe kwenye jiko la kona, wali laini, maji mengi, huku ameburuta mlingoti wa chupa yake kama mbuzi wa kufugwa. Akanipakulia vijiko sita kwenye sahani ya bati. Cha kwanza kilikaa. Cha pili kilikaa. Dawa ilikuwa inaingia mkononi baridi, nikaihisi ikipanda hadi begani, inatafuta, nami nikatafuna nikijiambia kwamba walau kitu kimoja katika dunia hii nimekihesabu mpaka mwisho kwa mikono yangu.

Kijiko cha sita, jino likagonga jiwe.

Nikaacha kutafuna. Nikamtazama Bi Mwatumu, naye ananitazama, kijiko chake kimesimama hewani, na wote wawili tulikuwa tunajua ni nani aliyeuchambua mchele ule.

"Ndio mchele huo," akasema. "Tema, ule."

Nikatema.